Diski ya Nje Yenye Kasi: Anachopaswa Kupima Mnunuzi wa Kisumu

Diski ya nje ni kifaa cha kuhifadhia data kinachokaa ndani ya kasha lake chenyewe na kuunganishwa na kompyuta kwa kebo, ili mtumiaji aweze kuhamisha faili, kuweka nakala za akiba, au kufanyia kazi data ambayo haienei ndani ya kompyuta yake. Katika maduka ya vifaa vya elektroniki yaliyo kwenye Barabara ya Oginga Odinga jijini Kisumu, na katika majengo ya biashara yaliyo jirani kama Mega Plaza, sifa inayonadiwa kwanza siku hizi ni kasi, na nambari iliyochapishwa kwenye kasha ndiyo humshawishi mnunuzi kuongeza shilingi elfu kadhaa juu ya bei aliyoikusudia. Nambari hiyo kwa kawaida si ya uongo, lakini ilipatikana kwa kompyuta iliyoteuliwa na mtengenezaji na kwa faili moja kubwa iliyosomwa mfululizo, hali ambazo haziwi mara nyingi katika studio ya Kondele au katika ofisi ya mtafiti wa Maseno. Kasi anayoipata mtumiaji ni zao la mnyororo mzima unaoanzia kwenye chanzo cha data, ukapitia kompyuta, mlango wake na kebo, hadi kwenye diski yenyewe. Kwa hiyo anayenunua diski kabla ya kuchunguza mnyororo huo hulipia kitu ambacho huenda asikione kamwe.

Jambo la kwanza linalopotosha ni vipimo vyenyewe. Ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, ilhali uwezo wa milango na mitandao hupimwa kwa biti, na baiti moja ina biti nane. Mlango unaotangazwa kuwa na uwezo wa gigabiti 5 kwa sekunde hauwezi, hata kwa hesabu ya karatasi tu, kupitisha zaidi ya megabaiti 625 kwa sekunde, na kwa vitendo hupitisha takriban megabaiti 450, kwa kuwa sehemu ya uwezo wake hutumika kupanga na kuhakiki data inayosafiri. Vivyo hivyo, diski ya terabaiti 1 huonyeshwa na Windows kuwa na gigabaiti 931, si kwa sababu muuzaji ameibia mtu, bali kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa makumi na mfumo huo wa kompyuta huhesabu kwa mbilimbili. Malalamiko mengi yanayosikika dukani yangekwisha kama tofauti hizi mbili zingebandikwa ukutani.

Diski zinazouzwa ni za aina mbili. Ya kwanza ni diski inayozunguka, ambayo ina sahani zilizopakwa madini ya sumaku na kichwa cha kusomea kinachoelea juu ya sahani hizo kwa pengo la nanomita chache tu. Teknolojia hii iliingia sokoni mwaka 1956, kampuni ya IBM ilipotoa mashine ya RAMAC iliyokuwa na sahani 50 na iliyohifadhi herufi zipatazo milioni 5. Diski za mfukoni za leo huhifadhi mamia ya maelfu ya mara zaidi, lakini kanuni ni ile ile, na nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika na kusoma megabaiti kati ya 100 na 140 kwa sekunde. Aina ya pili ni ile inayoitwa SSD, isiyo na sehemu yoyote inayosogea, kwa kuwa huhifadhi data kama chaji za umeme ndani ya chipu. Msingi wake ni kumbukumbu ya flashi iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani katika miaka ya 1980. SSD za nje za kawaida husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, zilizo bora hufikia megabaiti 1,000, na za tabaka la juu hutangaza 2,000 au zaidi. Kwa kila gigabaiti, SSD bado ni ghali kuliko diski inayozunguka, na tofauti hiyo ya bei ndiyo inayofanya uamuzi kuwa mgumu.

Kati ya diski na kompyuta kuna mlango wa USB, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kiwango cha USB 2.0 kilichotolewa mwaka 2000 kina uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde, ambao kwa vitendo ni kama megabaiti 35. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilipandisha uwezo hadi gigabiti 5, ikafuatwa mwaka 2013 na kiwango cha gigabiti 10, kisha mwaka 2017 na cha gigabiti 20, na mwaka 2019 ikatangazwa USB4 inayofikia gigabiti 40. Maendeleo hayo yangeeleweka kwa urahisi kama walioyasimamia wasingebadilisha majina mara kwa mara, hata mlango ule ule wa gigabiti 5 ukaitwa USB 3.0, kisha USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1. Mnunuzi ayaache majina hayo na aulize gigabiti peke yake. Uhusiano wa mlango na diski unafanana na ule wa barabara na feri inayovuka kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita: lami ya pande zote mbili inaweza kuwa safi kabisa, lakini idadi ya magari yanayofika ng'ambo kwa siku huamuliwa na feri.

Sehemu kubwa ya vipakatalishi vinavyotumiwa na wanafunzi na wafanyabiashara wadogo wa Kisumu ni vya mtumba, vile ambavyo wauzaji huvitangaza kuwa ni ex-UK, na umri wake hutofautiana sana. Vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 2012 hivi mara nyingi huwa na angalau mlango mmoja wa gigabiti 5, unaotambulika kwa plastiki ya buluu ndani yake au kwa herufi SS pembeni, lakini mlango wa upande wa pili wa kipakatalishi hicho hicho unaweza kuwa wa USB 2.0. Mwenye kompyuta ya namna hiyo akinunua SSD ya megabaiti 1,000 atapata kama megabaiti 450 kwenye mlango wa buluu na 35 kwenye ule mweusi. Umbo la mlango pia si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa mlango mdogo wa mviringo unaoitwa aina C unaweza kubeba kiwango chochote kati ya hivyo, na kebo nyingi za kuchajia simu zenye umbo hilo hupitisha data kwa kasi ya USB 2.0 tu, hivyo kwamba mtu aliyepoteza kebo halisi ya diski yake akaazima ya simu huirudisha diski hiyo miaka ishirini nyuma bila kujua. SSD za megabaiti 2,000 nazo hudai mlango wa aina moja mahususi ya gigabiti 20 ambao kompyuta nyingi, zikiwemo nyingi za Apple, hazina. Zikichomekwa kwingine hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Kwa mnunuzi wa kawaida wa Nyanza, diski ya daraja hilo ni anasa.

Mfano wa wapiga video za arusi na mazishi, biashara iliyostawi sana kuzunguka ziwa, unaonyesha jinsi mnyororo unavyofanya kazi. Tuseme sherehe moja imezaa gigabaiti 200 za video. Kunakili kiasi hicho kupitia USB 2.0 huchukua zaidi ya saa moja na nusu. Kwenye diski inayozunguka ya megabaiti 120 huchukua dakika 28. Kwenye SSD iliyochomekwa katika mlango wa gigabiti 5, kama dakika saba na nusu. Na kwenye SSD ya megabaiti 1,000 yenye mlango unaoifaa, dakika tatu na ushei. Hesabu hizo, hata hivyo, hudhani kwamba data inatoka mahali penye kasi kama hiyo. Kadi za kamera zinazotumika kwa wingi ni za daraja la UHS-I, ambalo kikomo chake ni megabaiti 104 kwa sekunde, na kwa hiyo kazi ya kuhamisha video kutoka kwenye kadi itachukua zaidi ya nusu saa hata diski inayopokea ikiwa ya bei kubwa kuliko zote dukani. Mpiga video mwenye malalamiko ya kasi wakati wa kupakua kadi angenufaika zaidi kwa kununua kisomeo kizuri cha kadi, kitu kidogo ambacho wauzaji hawakitangazi kwa sababu faida yake ni ndogo. Hali ni hiyo hiyo katika maduka ya filamu ya mitaani, ambako wateja huleta flashi zao kujaziwa: flashi nyingi za bei nafuu huandika kwa megabaiti kumi na kitu tu kwa sekunde, na hakuna diski ya muuzaji inayoweza kuziharakisha.

Kuhariri video ni suala jingine. Video ya 4K iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu kila sekunde ili ichezwe bila kukatika, kiwango ambacho hata diski inayozunguka hukimudu kwa urahisi. Tatizo huanza pale mhariri anapounganisha kamera tatu, muziki na picha kwa pamoja, kwa sababu kichwa cha kusomea hulazimika kuruka kutoka sehemu moja ya sahani hadi nyingine. Sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 11, na ukiongeza muda wa kichwa kusogea, diski huweza kufanya miruko isiyofika mia moja kwa sekunde. SSD haina cha kusogeza, na hufikia kipande chochote cha data kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Huu ndio ubora wake mkubwa, na haumo katika nambari iliyochapishwa kwenye kasha. Studio ya muziki wa benga au ohangla yenye maelfu ya vipande vidogo vya sauti itaiona tofauti hiyo siku ya kwanza, wakati mtu anayehifadhi filamu kubwa moja moja hataiona kabisa.

Watafiti wa ziwa, kama studio hiyo, wamo katika kundi la kwanza. Magugu maji yaliyoonekana katika Ziwa Viktoria kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, na ambayo hadi leo hufunga Ghuba ya Winam kila yanapostawi, hufuatiliwa kwa picha za setilaiti zinazotolewa bure, zikiwemo za Sentinel-2 za Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ambazo hupita juu ya eneo moja takriban kila baada ya siku tano. Kipande kimoja cha picha hizo, kinachofunika eneo la kilomita 100 hivi kwa 100, hukaribia ukubwa wa gigabaiti moja na huwa na mikanda 13 ya mwanga iliyohifadhiwa katika faili tofauti, ili programu iweze kulinganisha jinsi mimea na maji yanavyoakisi mwanga. Picha za mwaka mmoja hazizidi sana gigabaiti 70, lakini mtafiti anayelinganisha miaka kumi, akazalisha matokeo ya kati yanayozidi ukubwa wa picha zenyewe, hufika terabaiti haraka, na kazi yake huwa ni ya kusoma faili nyingi kwa kurukaruka. Wanasayansi wa uvuvi nao, wanaokadiria wingi wa sangara na omena kwa vyombo vya mawimbi ya sauti vinavyofungwa kwenye meli ya utafiti, hurekodi data mfululizo kwa siku nyingi wakiwa majini, ambako diski inayozunguka iko hatarini kwa kuwa mtikiso wa mawimbi unaweza kukigonganisha kichwa na sahani. Kwa kazi ya ndani ya boti, kama ilivyo kwa kazi ya kubebwa na bodaboda, SSD huchaguliwa kwa usalama wake kabla hata ya kasi.

Kuna ujanja wa kiufundi ambao mnunuzi hana budi kuufahamu, kwa kuwa unahusu aina zote mbili. SSD nyingi za bei ya chini hupokea data kwanza katika sehemu ndogo yenye kasi, kisha huihamishia polepole kwenye sehemu kubwa iliyo nzito. Sehemu hiyo ya mapokezi ikijaa, kasi ya kuandika inaweza kushuka kutoka megabaiti 1,000 hadi mia moja au mbili. Kwa upande wa diski zinazozunguka, nyingi za mfukoni huandika data katika njia zinazolaliana kwa sehemu, utaratibu unaojulikana kwa kifupi kama SMR, ambao huongeza ujazo lakini hulazimu diski kuandika upya njia za jirani kila data inapobadilishwa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba watengenezaji watatu wakubwa waliosalia, yaani Seagate, Western Digital na Toshiba, walikuwa wameuza baadhi ya diski za aina hiyo bila kuitaja wazi. Jaribio la faili ya gigabaiti mbili dukani haliwezi kufichua udhaifu wowote kati ya huo wa aina mbili, lakini nakala ya gigabaiti 50 au 100 inaweza kuufichua.

Wapo watakaouliza kama diski bado inahitajika, ilhali kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009 na nyaya za mwanga zimekwisha kusambazwa hadi Kisumu. Jibu limo katika hesabu. Kupandisha gigabaiti 100 kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa njia ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 22, mradi umeme na mtandao visikatike. Diski ya terabaiti 1 iliyojaa, ikitumwa kwa basi la Nairobi na kufika baada ya saa nane, imesafirisha data kwa wastani unaozidi megabiti 270 kwa sekunde. Kampuni za vifurushi hazijui kwamba zinashindana na intaneti, lakini kwa sasa zinashinda.

Mazingira ya ziwa yana madai yake. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, kwa sababu upepo wa ziwani na joto la nchi kavu hukutana karibu kila siku, na mipigo ya umeme inayoingia kwenye nyaya huweza kuua diski pamoja na kompyuta. Diski kubwa za mezani zinazohitaji plagi zake zenyewe huzimika ghafla umeme unapopotea, jambo ambalo halizipati diski ndogo zinazolishwa na betri ya kipakatalishi kupitia kebo ile ile ya data. Kwa sababu hiyo tu, ya mfukoni inaifaa Kisumu kuliko ya mezani. Ni vyema kukumbuka kwamba mlango wa USB 2.0 hutoa umeme wa miliampea 500 na wa USB 3.0 hutoa 900, na diski inayozunguka ikikosa umeme wa kutosha hugongagonga bila kuwaka, dalili ambayo wengi huifasiri kuwa diski imekufa. Joto la mchana linalokaribia nyuzi 30 mwaka mzima nalo huzifanya SSD ndogo zenye kasi kubwa zijipunguzie kasi ili zisiungue, hivyo kasha la chuma ni bora kuliko la plastiki.

Nyuzi hizo 30 zina maana nyingine isiyojulikana sana. Kiwango cha kimataifa kinachotumiwa na watengenezaji wa chipu huitaka SSD ya kawaida, ikiwa imefikia mwisho wa uhai wake wa kuandikwa, iweze kutunza data kwa mwaka mmoja bila umeme katika joto la nyuzi 30. Iliyo mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi, lakini chaji ndani yake huvuja, na haifai kuachwa kabatini miaka mitano ikiwa na picha pekee za familia. Kwa kuweka kumbukumbu za muda mrefu, diski inayozunguka, iliyo polepole na ya bei nafuu, bado ni bora. Mafuriko yanayorudi katika nyanda za Kano, na kupanda kwa maji ya ziwa mwaka 2020 kulikozihamisha jamii nyingi za ufuoni, yanaongeza sharti la pili: nakala moja ikae mbali na nyumbani, kwa jamaa anayeishi sehemu ya juu kama Maseno, au nje kabisa ya kaunti.

Mfumo wa faili, yaani utaratibu ambao diski hutumia kupanga majina na mahali pa data, huamua pia kama diski itafanya kazi kwenye kompyuta zote. Ule wa zamani wa FAT32 hukataa faili yoyote inayofikia gigabaiti 4, ambayo ni dakika tano au sita za video ya 4K iliyotajwa. NTFS wa Windows husomwa na kompyuta za Apple lakini hauandikwi bila programu ya ziada. Na exFAT hukubalika kwa zote, ingawa huvumilia vibaya zaidi diski inapochomolewa ghafla. Anayebeba taarifa za watu wengine, kama rekodi za wagonjwa zinazokusanywa katika tafiti za afya za Siaya au orodha za wanachama wa chama cha akiba na mikopo, anafungwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na anapaswa kuiwekea diski yake usimbaji fiche, ambao hugeuza data kuwa isiyosomeka bila nywila. Kompyuta za kisasa hufanya hivyo kwa kupoteza kasi kidogo sana.

Hatari ya mwisho ni bidhaa bandia. Hakuna SSD ya mfukoni ya terabaiti 16 inayoweza kuuzwa kwa shilingi elfu tatu; iliyomo ndani ya kasha la namna hiyo kwa kawaida ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyorekebishwa ili iidanganye kompyuta, na data inayozidi ujazo wake halisi hupotea kimyakimya. Programu za bure kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Apple hujaza diski nzima na kuisoma tena, na hufichua udanganyifu huo bila ubishi.

Kwa wakazi wengi wa ufuo huu, basi, uamuzi ulio bora ni kugawa fedha: SSD ya wastani ya terabaiti 1, yenye kasha la chuma na uwezo usiozidi gigabiti 10, itumike kwa kazi za kila siku, na kiasi ambacho kingeongezwa ili kupata megabaiti 2,000 kinunue diski inayozunguka ya kuwekea nakala. Mnunuzi aende dukani na kipakatalishi chake mwenyewe kikiwa na gigabaiti 50 za faili, aichomeke diski kwa kebo iliyomo kwenye kasha, atazame kasi hadi kunakili kumalizike, adai risiti na maandishi ya dhamana, na muuzaji akikataa jaribio hilo, atafute duka jingine.